Mwalimu Kwa-Nani na Posa ya Kanyosha

Vijana wangu, najua mnanisema. Mnasema wazee wa chuo tulipenda taratibu kuliko elimu yenyewe, na kwamba tuliwapotezea miaka kwa kuhesabu vitone na koma. Semeni, lakini nami nipeni nafasi yangu.

Juzi asubuhi Yusufu, kijana wa jirani yangu hapa mtaani Bwiza anayesoma sheria, alikuja kibarazani kwangu amekunja uso. Mwalimu wake amemrudishia tasnifu yake. Kosa lake ni kwamba ameigawa sehemu tatu. Watu wa sheria huku kwetu wamerithi kutoka kwa wakubwa zao wa Kifaransa tabia ya kugawa kila jambo mara mbili: sehemu mbili, kila sehemu sura mbili, na kila sura vipande viwili. Ukiwapelekea tatu wanakutazama kana kwamba umeingia harusini na kandambili.

"Sasa Muzehe," akaniambia, "kama mambo yenyewe iko tatu, mi nifanye nini? Niue moja?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia akae, maana jibu lake ni refu na linapitia Kanyosha, kule pembezoni mwa mji. Alikaa, maskini, ingawa alikuwa na haraka. Na kwa kuwa yeye alilisikia lote, naona si vibaya nanyi mlisikie.

Kwa miaka thelathini na ushee nilifundisha somo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulipenda kwa hiari yake. Kwenye ratiba liliitwa Mbinu na Mantiki. Kila kitivo kilinipokea kama dawa ya minyoo: unajua inafaa, lakini unafumba macho. Asubuhi niko na watu wa historia, nawaambia kila neno liwe na chanzo chake chini ya ukurasa. Mchana niko na watu wa kilimo, wananuka udongo na wana njaa. Kesho yake ni watu wa uchumi, ambao walipenda herufi za Kigiriki kuliko Wagiriki wenyewe. Wote waliniita jina moja nyuma ya mgongo wangu, wakidhani silijui: Mwalimu Kwa-Nani. Sababu ni kwamba mtu akisema jambo lolote darasani, hata kwamba nje kunanyesha, mimi humuuliza, "Umesikia kwa nani?"

Swali lenyewe si langu. Ni la Maalim Ramadhani, aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo. Siku moja nilijigamba mbele ya wenzangu kwamba Mtume amesema anayekula kwa mkono wa kushoto anakula na shetani ubavuni. Maalim alikuwa anashona kofia yake. Hakuinua kichwa.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa Juma."

"Juma amesikia kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Na mama yake?"

Maalim akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi useme 'Nimesikia kwa Juma, na Juma kwa mama yake.' Mnyororo wako unaishia pale, na we uishie pale. Usimtwishe Mtume maneno ya mama Juma." Neno lile kumbe lilikuwa na msingi wake, nilikuja kulikuta baadaye kwenye vitabu, na mnyororo wake mzima. Lakini Maalim hakunikemea kwa sababu neno ni la uongo. Alinikemea kwa kuwa sikujua njia lililopita hadi kunifikia. Wanazuoni wetu wanauita mnyororo huo isnadi, na walishaupima kiungo kwa kiungo karne nyingi kabla chuo chetu hakijawekwa jiwe la kwanza. Nilimpenda sana yule mzee. Hata leo nikisimama mbele ya watu, naona kama anashona kofia kwenye kiti cha nyuma.

Mwenzake, ingawa hawakuwahi kuonana, alikuwa Profesa Salvator. Ofisi yake ilipakana na yangu. Ni mtu wa hesabu, Mkatoliki wa kila Jumapili, mrefu, mkimya, na mbishi kupita kiasi. Katika kazi zote alizosahihisha alifuta maneno mawili tu: "ni wazi". Mwanafunzi akiandika "ni wazi kwamba", Salvator anapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Kwa nani?" Ndipo urafiki wetu ulipoanzia. Tulikuwa tunauliza swali moja, yeye akilitupa mbele, mimi nikilitupa nyuma. Mimi nauliza umelitoa kwa nani, yeye anauliza litakuwa wazi kwa nani.

Alikuwa pia na ucheshi wake wa kikavu. Kijana mmoja wa uchumi alileta kazi iliyojaa fomula, ukurasa mzima bila neno la kibinadamu. Salvator akaweka kidole kwenye herufi moja. "Hii ni nini?" Kijana akasema ni kiwango kisichobadilika. "Kisichobadilika cha kitu gani?" Kijana akafikiri, jasho likamtoka, akasema, "Cha maisha, Profesa." Tuliokuwa pale tulitoka nje kucheka. Fomula zake zilikuwa tai nzuri iliyofungwa kwenye shingo bila shati. Kwa hiyo msidhani nawatetea wanaopenda umbo kwa ajili ya umbo. Hao nimewaona na nimewafelisha.

Lakini aliyenifundisha zaidi umbo ni la nini ni baba mmoja mkulima ambaye sikuwahi kumwona. Mwanawe Dezire alisoma kilimo. Alikuwa analinganisha mbegu mpya ya maharagwe na ile ya zamani, kwenye shamba la baba yake huko mlimani. Kanuni ya watu wa kilimo ni kwamba unakata shamba vipande, halafu unapiga kura: kipande hiki mbegu hii, kile ile. Huchagui. Baba alimcheka sana, "Nani anapanda kwa kura kama mtu anayecheza karata?" Lakini alikubali. Dezire akarudi mjini masomoni. Alipokwenda kuvuna akakuta vipande vyote vimezaa sawasawa. Akahangaika kutafuta sababu, mpaka mama yake akamwambia ukweli. Baba alikuwa akiona kipande kinageuka manjano anakionea huruma, anakipelekea samadi.

"Baba, umeniharibia kazi!"

"Nimeharibu nini? Maharagwe ilikuwa na njaa."

Nilisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka nilikisimulia kwa upendo, maana sijui kosa lililo zuri kuliko lile. Watu wa kilimo hawapigi kura kwa kuwa wanapenda kamari. Wanapiga kura kwa sababu wanajijua. Mkono wa mwanadamu unakwenda kwenye anachokipenda, na hata haumwambii mwenyewe.

Sasa nimfikie Goreth.

Goreth alikuwa binti wa Kanyosha, anasoma jiografia, mwembamba, mwenye sauti ndogo ila shingo ngumu. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na korongo. Alipokuwa mtoto lilikuwa mfereji ambao kuku waliuruka. Alipofika mwaka wa mwisho ungeweza kuficha lori ndani yake, na kila mvua kubwa ilikata kipande kingine cha ua. Mama yake, mjane, aliishi pale peke yake akilima mchicha. Goreth akaamua tasnifu yake itakuwa juu ya korongo lile: limetoka wapi, linakwenda wapi, na litafika lini.

Alikuwa na vipimo vyake mwenyewe, kwa vijiti na kamba, lakini ni vya msimu mmoja tu wa mvua. Miaka ya nyuma hakuna aliyepima. Kilichokuwapo ni vinywa vya watu. Akaniletea sura yake ya kwanza, na humo ameandika: "Wazee wanasema kwamba zamani njia ilipita upande wa pili wa mparachichi."

Mnajua nilichomuuliza.

"Wazee gani? Wamesikia kwa nani?"

Akalia. Aliniambia nilikuwa nimemdhihaki mama yake na majirani zake. Nikamwacha alie, nikamwagizia chai, kisha nikamsimulia Maalim Ramadhani na mama Juma. Nikamwambia, "Mwanangu, sisemi wanadanganya. Nasema huwapi heshima. Hao wana majina. Mmoja aliona kwa macho yake, mwingine alisikia kwa aliyeona, wa tatu amesikia sokoni. Ukiwaweka wote kwenye neno 'wazee', umewachanganya kama mchele na mawe."

Akarudi Kanyosha kuanza upya. Alimuuliza kila mtu alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake, na kile ambacho hakuona alikisikia kwa nani. Aliwapanga kwa madaraja, kama wanazuoni wanavyopanga mapokezi yao. Waliobaki daraja la juu walikuwa wachache, na juu kabisa walikuwa wawili: Mzee Pascal, fundi baiskeli, na Bibi Seseliya, aliyeuza mkaa. Wote wawili waliona kwa macho yao, na wote wawili walimwonyesha sehemu ileile ambapo korongo lilianzia.

Siku ya kutetea kazi, Salvator aliitwa kwenye jopo kwa ajili ya mahesabu. Mama Goreth alikuja amevaa vazi lake la sherehe, akakaa mstari wa mbele. Mambo yote yalisemwa kwa Kifaransa. Salvator alimngoja Goreth amalize, kisha akauliza maswali mawili.

La kwanza: "Mademoiselle, korongo hili linaelekea nyumba ya mama yako. Nitajuaje kama hukuyapelekea maharagwe samadi?" Ukumbi mzima ulijua kisa kile, watu wakacheka. Goreth hakucheka. Akasema ndiyo maana vijiti vya kupimia alivipanga kwa kura, na kwamba kila mara alimwomba mwanafunzi mwenzake asome kamba, yeye akiwa amegeuka nyuma.

La pili: "Hawa mashahidi wako wawili wanakubaliana. Lakini majirani huongea. Nitajuaje kama mmoja hakumwambia mwingine?"

"Profesa, hawa wawili hawasalimiani."

"Tangu lini?"

"Tangu mbuzi wa Mzee Pascal alikula mashuka ya Bibi Seseliya. Mi nilikuwa bado sijazaliwa."

Salvator, mtu ambaye sikumwona akitabasamu hadharani mara nyingi, akaweka kalamu chini. Watu wa hesabu huliita jambo lile uhuru wa mashahidi, nao hulitafuta kwa shida kubwa. Huko Kanyosha lililetwa na mbuzi. Goreth akapata daraja la juu. Mama yake, ambaye hakuelewa sentensi tatu, alipiga makofi kuliko sisi wote, na mimi nilijisikia fahari kana kwamba binti ni wangu.

Laiti kisa kingeishia hapo. Wiki chache baadaye, mimi nikiwa tayari nimestaafu, Goreth alikuja hapa Bwiza. Alikuwa amepata kazi na chumba cha kupanga huko mtaa wa Kinindo, nyuma ya nyumba moja kubwa. Alikuwa amechoka sana. Alikuwa amekwenda kumsomea mama yake hitimisho la tasnifu, kwa Kirundi, polepole: mvua kubwa zijazo zitachukua jiko, na baada ya jiko, chumba anacholala.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile njo maneno bale bazee walikuwa wanakupigia makofi? Walifurahi nyumba yangu itaanguka?"

Akamwambia amenye mihogo. Goreth alijaribu tena na tena. Alimwonyesha michoro, akalia, akagomba. Mama akasema nyumba ile aliijenga na marehemu mume wake, tofali kwa tofali, na kwamba mutoto hamutoi mama yake mu nyumba. Basi.

"Mwalimu," Goreth akaniambia, "mi nimeshasibitisha. Kila kitu iko pale. Nimekosea wapi?"

Swali lile lilinikaa kifuani. Mvua zilikuwa hazijafika lakini mawingu yalishaanza kukaa juu ya milima. Nilimwazia yule mama amelala, na ukuta unaondoka. Nikaogopa kweli.

Nilichomjibu ndicho nilichokijua kwa miaka yote ile bila kukisema vizuri darasani. Nikamwambia, "Hukukosea kwenye jopo. Pale ulipiga hodi kama wenyewe wanavyopiga. Salvator alikuwa na nafasi ya kukukatalia, ulimpa mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa nayo, aliweza kukubali. Mama yako umempa nafasi gani? Umemwingilia na hitimisho tu. Ndani ya nyumba yake, mtoto kamletea hukumu. Hata mimi ningekataa."

Ndiyo, vijana, taratibu zote hizi mnazozilalamikia ni hilo. Tanbihi ya mwanahistoria, kura ya mkulima, sehemu mbili za watu wa sheria, "tuseme x" ya Salvator. Kila moja ni namna ya kumwambia mwenzako: nifuate huku hatua kwa hatua, na mahali popote utakapoona pabaya, nisimamishe. Asiyekupa pa kumsimamisha hakuheshimu.

"Sasa kwa mama yangu, umbo lake ni gani?" akauliza Goreth.

"Kwenu mtu huondolewa vipi nyumbani, bila aibu, na majirani wakiona?"

Akanitazama. Akaanza kucheka na machozi yakimtoka, maana aliliona kabla sijalitamka. Kuna njia moja tu ambayo mtu huondolewa nyumbani kwa heshima hapa kwetu, nayo ni posa. Tungekwenda kumposa mama.

Salvator nilimwambia lazima aje, maana msemaji haendi peke yake. Akasema jambo hili halina kanuni. Nikamwambia lina kanuni kuliko aljebra, na kanuni ya kwanza ni kwamba yeye anyamaze.

Tulikwenda Jumapili mchana. Goreth alikuwa amempelekea mama yake habari kwa njia inayostahili, kupitia mjomba, kwamba wageni wanakuja "kuuliza njia". Tulikuta viti vimepangwa pande mbili zinazotazamana, na turubai juu. Majirani wamejaa. Upande wa mama, msemaji wake alikuwa Mzee Pascal, koti amelifunga vifungo vyote. Bibi Seseliya naye alikuwapo, kwenye kona ya mbali kabisa, amempa Pascal mgongo. Nyuma ya nyumba korongo lilikuwa wazi, na ukuta wa jiko ulishakuwa na ufa. Tuliweka kreti ya bia na kreti ya Fanta chini, hatukukaa mpaka tulipokaribishwa. Goreth alikaa nyuma yetu, kimya, kama bwana harusi.

Nikasimama. Nikasalimu kushoto na kulia, nikaulizia mvua, ng'ombe, na afya za wasiokuwapo. Kisha nikasema kwamba huko Kinindo kuna chumba kimoja na jiko moja, na kwamba jiko lile lina huzuni. Linapika mayai. Asubuhi mayai, jioni mayai. Maharagwe yakiingia mle yanaungua, na hakuna mtu wa kuyaonea huruma. Tumesikia kwamba katika ua huu yupo anayejua siri ya maharagwe, nasi tumekuja kuomba tupewe.

Mzee Pascal aliinuka taratibu, akajikohoza.

"Mugeni, maneno yako iko muzuri. Lakini mutoto yule anakaa nyuma yako, siku moja alikuja ku kazi yangu akaniuliza mi nimesikia kwa nani. Mi, mutu muzima! Leo njo siku yangu. Hapa kuna mutu wa kuombwa? We umesikia kwa nani?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Salvator alinitazama kama mtu aliyengoja miaka mingi kuona siku ile. Nami, walahi, nikacheka nao. Kisha nikamkumbuka Maalim na uzi wake.

"Nimesikia kwa Goreth," nikasema. "Na Goreth amesikia kwa mgongo uliombeba. Mnyororo wangu unaishia pale, na mimi naishia pale."

Kicheko kikaisha. Mama Goreth, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema, akafunika uso kwa ncha ya vazi lake. Tulidhani amekasirika. Alipoondoa nguo tukaona analia.

"Mi sikuombwa," akasema. "Muache niseme. Wakati nilikuwa musichana kulikuwa matatizo, watu wanakimbia. Nilifunga nguo yangu mu kitambaa, nikamufuata baba Goreth. Hakuna mutu alikaa ku kiti juu ya kuniomba. Hakuna mutu alisema neno. Watoto wa bangine nimewaombea, nimewapikia, nimewaimbia. Mi mwenyewe, apana." Akajifuta. "Sasa we Mwalimu, anza tena. Tangu mwanzo. Polepole. Nataka kusikia."

Nikaanza tena tangu mwanzo. Mvua, ng'ombe, wasiokuwapo, jiko lenye huzuni. Nyuma ya milima ngurumo ilisikika, na hapo Salvator, mtu wa mpangilio, akashindwa kujizuia. Akasimama akasema, "Mama, tafadhali, hatuna wakati!"

Pascal akamnyooshea kidole. Kusema katikati ya posa bila kupewa neno! Faini ikatolewa palepale: kreti nyingine. Salvator akailipa kwa unyenyekevu mkubwa, na watu wakainywea afya yake.

Mama Goreth alikubali. Aliweka sharti moja, kwamba asitolewe kama mtu anayekimbia. Alishakimbia mara moja, inatosha. Asindikizwe. Jumamosi iliyofuata majirani wote walibeba: mmoja kinu, mwingine godoro, mwingine sufuria tatu kichwani, na wanawake wakiimba nyimbo ambazo huimbiwa binti anayetoka kwao. Bibi Seseliya alibeba jembe. Mzee Pascal aliweka mchicha wote kwenye baiskeli. Mama alitangulia mbele, na katika njia nzima hakugeuka, kama bibi harusi anavyofundishwa.

Mvua kubwa ilifika kabla mwezi haujaisha. Ilichukua jiko, kisha chumba cha kulala, ukuta na paa, kama Goreth alivyoandika. Chumba kilikuwa kitupu. Nilipoletewa habari nilikaa hapahapa kibarazani nikalia kama mtoto, na nilimshukuru Mungu kwa vijiti, kwa kamba, kwa mbuzi wa Pascal, na kwa turubai lile.

Yusufu alinisikiliza mpaka hapa, kisha akarudi kwenye shida yake, kama vijana mnavyopaswa. "Sasa donc, hii sehemu yangu ya tatu?"

Nikamwambia aende kwa mwalimu wake, asimame, amweleze kwa nini mambo yake ni matatu, na amwachie nafasi ya kumkatalia. Akikataliwa kwa sababu nzuri, aipange upya, atagundua pengine mawili kati ya hayo yalikuwa jambo moja. Akikubaliwa, amewafundisha watu wa sheria kuhesabu. Ila asiende amekunja uso.

Nikamwambia pia aje na sisi Jumapili, amevaa shati safi, kwa sababu tunahitaji mtu wa kubeba kreti. Korongo limeendelea, na sasa linaitazama nyumba ya Bibi Seseliya. Baada yake itakuwa zamu ya Mzee Pascal, lakini kwake tutakwenda siku nyingine, maana hao wawili bado hawasalimiani. Msemaji safari hii si mimi. Ni Mama Goreth. Jana nilikwenda Kinindo nimpe ramani mpya ya binti yake, yenye mistari na tarakimu, nikidhani itamsaidia kupanga hotuba. Aliitazama kwa heshima, akaikunja, akanirudishia.

"Ile ubaki nayo, Mwalimu," akasema. "Seseliya asiambiwe korongo inakuja. Anajua. Anangoja kuombwa."